Mdomo wa Kornelio

Wembe ulishapita kwenye vichwa vya wengine kabla ya kufika kwake, na makali yalikuwa yamekwisha. Yustina hakuuosha. Aliufuta kwenye pindo la kanga yake, akamkandamiza Kokuberwa kichwa chini, akaanza kukwangua kutoka utosini kwenda kisogoni kama mtu anayeparua samaki.

"Tulia, wifi. Ukitikisika nitakukata."

"Umeshanikata."

"Basi tulia nisikukate tena."

Damu ilishuka nyuma ya sikio, ikaingia kwenye shingo ya gauni jeusi. Kokuberwa alikuwa amekaa katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, jua limempiga usoni. Mjane hunyolewa mahali anapoonekana na wote. Watu wa ukoo walijaa chini ya turubai, waliotoka Bukoba kwa basi na wale wa hapa hapa mjini, wanawake wanamenya ndizi huku wanamtazama. Hakukataa. Mama yake alinyolewa hivyo hivyo, na mama wa mama yake. Leo ilikuwa siku ya kuanua tanga, siku ya kumaliza msiba wa mume wake Kornelio, na alitaka umalizike kwa heshima.

Barazani, Gaudens, mdogo wa marehemu, alikuwa anahangaika na nyaya. Alikuwa ameleta televisheni kutoka kwake Goba, pana kama mlango, akaiweka juu ya meza ile ile ambayo jeneza liliwekwa.

"Shemeji!" aliita. "Leo utamwona mumeo. Atakuaga vizuri."

Kokuberwa aliitikia kwa kichwa, na wembe ukamchana tena. Tangu alfajiri alikuwa anaisubiri hiyo video. Ndiyo iliyompa nguvu ya kukaa pale mkekani.

Nyumba iliyokuwa nyuma yake waliijenga wao wawili. Kornelio alikuwa dereva wa malori ya Tunduma. Akiondoka, yeye hubaki Kibamba anamwagilia tofali, anabeba mchanga kwa karai, mimba ya Vaileth tumboni. Sakafu ya baraza aliilainisha kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu fundi alilewa. Wakati huo Kibamba ilikuwa mbali, mtu akikuambia anahamia huko unampa pole. Sasa barabara ya Morogoro imepanuliwa, kiwanja kimejikuta mbele, na wanaume wenye viatu vya kung'aa hupita wakikiangalia na kuulizana kama, kituo kikijengwa hapo, magari ya mafuta yataweza kukata kona. Vaileth ameolewa Songea. Mtoto wa kike, ukoo ulisema, ana kwao kwa mumewe.

Kisha kiharusi kikampiga Kornelio. Mdomo ulivutwa upande wa kushoto hadi karibu na sikio, jicho likabaki nusu, na kauli ikakatika. Miaka mitatu alishinda kitini, akitoka ni kwa fimbo hadi duka la jirani. Kokuberwa akimlisha uji, humwinua pembe ya mdomo kwa kidole gumba ili usimwagike, na Kornelio huguna, "Mh." Hiyo mh ilikuwa asante, ilikuwa basi, ilikuwa wa moto. Alijifunza kuzitofautisha zote. Alikufa vile vile, mdomo umepinda, na walipomwosha alijaribu kuunyoosha kwa kiganja akashindwa.

Ndiyo maana alipokuja Stanley, alimkaribisha kwa mikono miwili.

Stanley alikuwa na chumba cha picha pale stendi, anatengeneza video za harusi na misiba. Siku hizi anatengeneza na za kuagia: marehemu anageuka, anapunga mkono, anasema kwaherini. Watu huzirusha kwenye magrupu na kulia upya.

"Shikamoo mama. Pole na msiba. Baba Gaudens kanituma. Tunataka kumtengeneza mzee aage."

"Marahaba. Kumtengeneza vipi, na yuko kaburini?"

"Kwa picha tu, mama. Naipa mashine picha za mfano. Ya mbele, ya huku na ya huku. Yenyewe inausoma uso, ikishaushika inamfanya aongee."

Kokuberwa alitoa simu yake. Picha zilikuwa za ugonjwani, Kornelio kitini, taulo shingoni. Stanley alizihamishia kwenye simu yake kubwa, akamwonesha. Kiboksi cha kijani kilitokea, kikawa kinatafuta uso. Kilizunguka. Kilipita kwa Kornelio bila kusimama, kikaenda kukaa kwenye picha ya Bikira Maria iliyotundikwa ukutani nyuma yake.

"Inasema hakuna uso."

"Hakuna uso? Na huyu ni nani?"

"Mie namwona, mama. Yenyewe ndiyo haimwoni. Huu mdomo unaichanganya. Huna za zamani? Kabla hajaumwa?"

Alizitoa sandukuni. Ya ndoa, kanisani Muleba. Ya leseni. Moja Kornelio amesimama kwenye ngazi ya lori, anacheka, jino la mbele limekatika kipande. Kiboksi kikazishika zote, chap. Stanley akauliza na sauti kama ipo. Kokuberwa akampigia simu Vaileth, Vaileth akazituma sauti za baba yake alizozitunza kwenye simu, za zamani, anamwambia binti asome, asicheze na vijana.

Siku chache baadaye Stanley alirudi na kipande kidogo cha kuonjesha. Kornelio aligeuka kwenye kioo. Mdomo umenyooka. Akasema, "Mama Vaileth."

Kokuberwa aliishika ile simu kwa mikono yote miwili. Akachukua ncha ya kanga akaanza kukifuta kioo pale mdomoni, taratibu, anafuta mate ambayo hayakuwepo.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Mnyooshe hivyo hivyo."

Stanley alitazama pembeni. Alisema ana haraka.

Sasa, pale mkekani, kichwa cha Kokuberwa kilikuwa cheupe, kinawaka moto, nzi wawili wamekaa kwenye damu. Yustina alimwaga maji, akamwambia asogee barazani na wenzake. Mzee Benedikto, mkubwa wa ukoo, mwalimu mstaafu, alifungua kwa sala. Kisha akampa Gaudens ishara.

Kornelio akatokea.

Wanawake walipiga kelele. Kokuberwa alijifunga kanga vizuri kiunoni, akakaa wima kama mtu anayepokea mgeni. Mume wake alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile cha ugonjwani, shati la buluu, mdomo umenyooka, jino na pengo lake. Akawasalimia ndugu zake. Akawaombea. Kisha akasema:

"Nyumba hii ya Kibamba pamoja na kiwanja chake namkabidhi mdogo wangu Gaudens, kwa niaba ya ukoo. Mke wangu asihangaike na mji. Arudi kwao Muleba akapumzike. Nimesema haya mwenyewe, na akili zangu timamu."

Akapunga mkono. Muziki wa kinanda ukaanza.

Gaudens alisimama mbele ya televisheni. "Ndugu zangu, hii nilimrekodi kwa mkono wangu. Ile Jumapili nilipokuja na mkungu wa ndizi, mnakumbuka. Alinishika mkono, akasema Gaudens, toa simu."

Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kumwona Kornelio kitini. Yustina aliwahi kumlisha siku moja akalalamika kwamba mate yamemharibia kitenge. Mzee Benedikto alimshika taya mwenyewe, kwa mikono yake, padri apate kumwekea komunyo. Wakatazama miguu yao. Mtu akakohoa.

"Baba Benedikto," Kokuberwa alisema. "Huyo hakuwa na kauli."

Mzee alivua miwani, akaifuta. "Mama Vaileth, sote tumesikia."

"Ulimshika taya."

"Mungu akitaka humrudishia mtu kauli hata saa ya mwisho."

"Na mdomo? Aliurudisha nao?"

Mtu alicheka nyuma, akajikatiza.

"Stanley," alisema. "Mwanangu. Waambie."

Stanley alikuwa amechuchumaa pembeni, anaukunja waya mrefu wa umeme uliobaki, anauzungusha kwenye kiwiko. "Mie nimeitwa kuonesha tu, mama," alisema bila kuinua uso.

Hapo ndipo sauti ikatoka getini. Ilikuwa ya Bi Thuraya, Mwarabu mwenye duka la jirani, familia yao ipo pale tangu barabara ni ya vumbi. Alikuwa ameleta birika la kahawa kwa waombolezaji.

"Nyie watu, mcheni Mungu! Kornelio alikuwaga anakuja dukani kwangu na fimbo yake, akitaka kiberiti ananionesha kwa kidole. Leo anahutubia?"

"Bi Thuraya," alisema Gaudens, "hiki kikao cha ukoo wenu? Rudi dukani ukapime sukari."

"Sukari yangu naipima kwa mizani, baba. Wewe unapima kwa mdomo wa maiti."

Vijana wawili wa Gaudens walimsukuma nje, birika likaanguka, kahawa ikamwagika mchangani. Geti likafungwa. Thuraya aliendelea kupiga kelele huko nje, akimtaja Mungu na mamlaka ya mtaa.

"Tuendelee," alisema mzee Benedikto. Alikuwa na karatasi mapajani. "Muhtasari utaandikwa, kila mtu atie saini, upelekwe mahakamani. Gaudens, hebu rudia, wasiosikia wasikie."

Kornelio akatokea tena. Akasalimia tena. Kokuberwa aliutazama ule mdomo. Aliutazama unavyofunguka na kufunga, vizuri, bila mate, bila kidole gumba. Ni yeye aliyeupeleka. Aliutoa sandukuni kwa mkono wake, akauongezea na Mungu akubariki juu yake.

"Mke wangu asihangaike na mji," Kornelio alisema. "Arudi kwao..."

Kinu kilikuwa pale pembeni ya mlango, wanawake walikuwa wanatwanga karanga. Kokuberwa aliinuka, akauchomoa mchi, akapanda ngazi ya baraza. Walidhani anaenda jikoni. Aliuinua kama anavyouinua siku zote, na akaushusha mara moja.

Kioo kilipasuka kutoka pembe ya mdomo hadi sikioni. Picha haikuzimika. Kornelio alibaki pale, mdomo umevutwa upande wa kushoto, jicho moja limekatika nusu, sauti inakwama, mm, mm, mm. Kwa mara ya kwanza siku ile alifanana na mume wake.

"Kampiga!" Yustina alipasua mapafu. "Kampiga marehemu! Mjane kampiga mume siku ya kuanua tanga!"

Ukoo mzima ukainuka. Wale walioshindwa kuinua macho juu ya ule mdomo, sasa waliinua mikono.

Gaudens aliunyakua waya kwenye kiwiko cha Stanley, akaukunja mara mbili. Pigo la kwanza lilitua kwenye kichwa kilichonyolewa, na ngozi ikafunguka kama ganda la ndizi mbivu. La pili shingoni. Kokuberwa aliweka mkono juu, waya ukauzunguka mkono, Gaudens akauvuta naye akavutika nao hadi chini. Mtu alimkalia miguu. Mtu mwingine, hakuona nani, aliona kiatu tu, kiatu kizuri cha kanisani, aliukanyaga mkono ulioshika mchi, akakizungusha kisigino kama anazima kipisi cha sigara. Vidole vilialika vikivunjika.

"Mchawi! Hata kufa humwachi!"

"Ndiyo maana alipata kiharusi! Ni huyu!"

"Mpige mdomo! Mdomo ndiyo unaosema!"

Wakampiga mdomo. Stuli ilikuja kwa ubavu, ikampata kuanzia shavuni hadi jichoni, na akasikia ndani ya kichwa chake kitu kinahama mahali pake. Shavu la pili lilikuwa limelala kwenye sakafu ya baraza. Alikijua kile kipande cha sakafu. Palikuwa na alama ya kiganja chake, ya zamani, alipoteleza saruji ikiwa mbichi, na Kornelio akakataa kuiziba. Damu iliingia kwenye alama ile ikakaa.

Stanley alikuwa ameshika mikono tupu. "Jamani," alisema. "Jamani, jamani." Kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Basi," alisema mzee Benedikto baadaye. "Msimuue. Mtatuharibia shughuli." Alikuwa amesogeza kiti nyuma kidogo, na karatasi zake ameziinua zisirukiwe na damu.

Walimburuta kwa kanga hadi nje ya geti. Godoro likafuata, na sanduku, likafunguka likamwaga picha barabarani. Gaudens alitia kufuli jipya, lilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi, bado lina nailoni. "Anayempiga maiti," alisema huku anahema, "mzima atamfanya nini?" Ndani, sahani zikaanza kugongana. Chakula kilikuwa kinapakuliwa.

Thuraya ndiye aliyemwinua. Alimfunga kichwa kwa mtandio wake, akamtia kwenye bajaji, akawa anamshikilia kila walipopita kwenye tuta. Zahanati ya kwanza walimtazama mlangoni wakasema kesi ya kipigo hawaigusi bila fomu ya polisi. "Anavuja damu, jamani," alisema Thuraya. "Ndiyo, bibi," alijibiwa, "na polisi si mbali."

Kwenye kituo kidogo cha polisi alikuwepo afande wa kike, umri wa Vaileth, sare imepigwa pasi. Hakuwa na roho mbaya. Alimpa kiti.

"Pole, mama. Nani kakupiga?"

Kokuberwa alijaribu. Mdomo ulikuwa umevimba na kuvutika upande, ulimi unakutana na vitu vigeni. Thuraya akamjibia: "Ukoo."

"Ukoo hauingii mahabusu, bi mkubwa. Taja jina."

"Gaudens. Shemeji yake."

Afande akainua macho. "Gaudens wa Kibamba? Ameshapita hapa, sasa hivi tu. Kafungua jalada. Kuvunja televisheni na kudhalilisha marehemu." Akachukua simu yake mezani. "Na katuachia hii."

Sauti ya Kornelio ikajaa chumbani. *Namkabidhi mdogo wangu Gaudens.* Afande aliitazama hadi mwisho. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee mwenyewe anasema. Tena anasema vizuri."

Kokuberwa aliegemea meza. Alitaka kusema kwamba hakuwa na kauli. Alisema neno la kwanza likatoka damu, la pili likatoka hewa.

"Sema vizuri, mama. Sikuelewi."

"Mh," alisema Kokuberwa.

"Anasema mumewe alikuwa bubu!" Thuraya alipiga meza. "Miaka mitatu! Hiyo ni picha ya kutengeneza, mtoto wa stendi kaitengeneza!"

"Bi mkubwa, hayo atayasema mahakamani. Mie kazi yangu fomu. Mpeleke pale ukutani nimpige picha. Siku hizi mfumo haufungui fomu bila uso wa mlalamikaji."

Wakamsimamisha ukutani. Afande aliinua kishikwambi. Thuraya alisimama nyuma yake akaona kiboksi cha kijani kinatokea, kinatafuta. Kilipita kwenye mtandio uliolowa. Kilipita kwenye jicho lililofungwa, kwenye shavu, hakikusimama. Kikapanda juu, kikaenda kukaa kwenye picha ya mkubwa wa nchi iliyotundikwa juu ya kichwa chake.

"Sogea kulia kidogo, mama. Inua kidevu."

Kikarudi, kikazunguka, kikapanda tena kwa mkubwa.

"Haishiki," alisema afande. "Inasema hakuna uso." Akakiweka chini, akajipangusa jasho. "Mama, nenda tu nyumbani. Urudi uvimbe ukishuka."

"Uvimbe ukishuka utaandika nini?" aliuliza Thuraya.

"Sijatengeneza mfumo mie, bi mkubwa."

"Na nyumbani ndiyo wapi?"

Afande alishaanza kumtazama mtu mwingine mlangoni.

Kokuberwa hakuondoka pale ukutani. Aliutoa mtandio kichwani, ukabaki ule upara wenye mistari. Kwa vidole viwili vya mkono uliovunjwa alilifungua jicho lililofumba, akalishikilia. Kisha akaupeleka mkono mwingine mdomoni. Akaweka kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, pale pale palipozoeleka, akauinua taratibu, kama mtu anayezuia uji usimwagike.

Thuraya aligeuza uso.

Afande alishusha pumzi, akakiinua kishikwambi mara ya mwisho. Kiboksi cha kijani kikatokea. Kikashuka kwenye paji la uso, kikatetemeka, kikaanza kumzunguka.

"Usicheke, mama," alisema afande. "Mtu akicheka inakataa."